Kifurushi cha Mwenzake

Ndugu Waislamu, tumekuwa tukiletewa ombi lile lile baada ya swala: kijana amekamatwa, wazee wa msikiti wamtafutie dhamana. "Ni kifurushi cha mwenzake tu," husema mama yake. Lakini sheria ya Tanzania ya mwaka 2015, iliyorekebishwa mwaka 2017, huhesabu hata kubeba na kuhifadhi kuwa ni kusafirisha dawa za kulevya. Heroini isiyozidi gramu 200, yaani chini ya robo kilo, adhabu yake ni miaka 30 jela. Ikizidi hapo, ni kifungo cha maisha.

Na dereva avutaye bangi kisha akapakia watoto wa madrasa? Huyo ana makosa mawili, kwani Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 233, humtia hatiani mwenye kuendesha kwa uzembe unaohatarisha uhai, hata asipoumia mtu. Ameihujumu akili yake na nafsi za wenziwe, na zote mbili ni katika mambo matano ambayo sharia imekuja kuyahifadhi.

Tunawastaajabia wazazi waliojua mwaka mzima wakanyamaza kwa kuogopa aibu. Tangu mwaka 2011 Muhimbili hutoa methadoni kwa walioathirika na heroini. Wapelekwe huko sasa. Hukumu ikishasomwa, barua ya imamu haitawafaa kitu.