Acheni Tunakili

Eti kunakili si sanaa. Maneno haya tunayasikia kila mradi wa uchoraji unapofika kambini, na mimi yamenichosha.

Mambo huenda hivi. Kijana anakuja na picha kwenye simu, "Death Dealer" ya Frank Frazetta, ya mwaka 1973: mpanda farasi mweusi, kofia ya chuma yenye pembe, uso umemezwa na giza, shoka mkononi. Anataka kuinakili. Mwezeshaji anamwambia kwa upole kabisa, "Hiyo ni ya Mmarekani. Wewe chora hadithi yako." Hadithi yako tunajua maana yake: hema, mama na mzigo kichwani, machozi. (Hema lenyewe wengi wetu tulishaliacha zamani, tunalala nyumba za udongo.) Rangi wanapewa watakaochora hema, sababu tarehe 20 Juni wageni wanakuja.

Sasa nauliza. Anayejifunza gitaa si anaanza na nyimbo za Franco? Anayejifunza kushona si anafumua gauni la mtu aone lilivyokatwa? Mbona sisi wa brashi tu ndio tuanze na kilio?

Wengi wakiangalia picha ile wanaona shoka. Finya macho uangalie tena. Utaona giza moja kubwa katikati na anga iliyofifia nyuma yake, basi. Kuna mahali ukingo wa mwili unapotelea gizani na jicho lako lenyewe linamalizia. Ukipaka nyeusi ya kopo peke yake, farasi anakuwa bapa kama sufuria yenye masizi, kwa hiyo unajifunza kuchanganya bluu na kahawia. Mguu wa kwanza unatoka wa mbuzi, jamani. Unafuta, unachora miraba upya, unapima. Mara ya nne ndo unaelewa goti linakunjika wapi. Hayo hakuna semina ya siku mbili inayoyafundisha, na siku ukitaka kumchora mama yako kweli, akiwa amechutama jikoni, utayahitaji yote.

Na si mambo ya wazungu peke yao. Miaka ya 1970 wachoraji wa Lubumbashi walimrudia mamba muntu, yule mwanamke nusu samaki, tena na tena, mmoja akichukua kwa mwenzake, na watu wakamtundika sebuleni. Tshibumba Kanda-Matulu, aliyechora historia ya Zaire kwa picha zaidi ya 100, alitoka kwenye soko hilo hilo la picha za kurudiwa.

Mtaniambia ni wizi. Wizi ni kuweka jina lako kwenye kazi ya mtu ukaiuza kama yako, na hapo nakubaliana nanyi. Ila jumba la Louvre kule Paris linawapa wachoraji kibali cha kunakili picha zake, mradi kipimo kiwe tofauti na sahihi ya mwenyewe isiigwe. Sisi pia tunaweza kuandika nyuma: imenakiliwa kutoka kwa Frazetta.

Ndugu zetu wa mashirika, kwa rangi asanteni, kweli. Ila msizifungie kabatini hadi Juni. Leteni brashi nyembamba, na nyeupe iwe nyingi kuliko nyekundu, maana nyeupe ndiyo inaisha kwanza. Na kijana akija na farasi wake kwenye simu, mpeni karatasi.