Mikindani Haijalala

Kutoka kwetu Chikongola hadi Mikindani ni kama kilomita 10 tu, bodaboda moja. Na kila nikisoma makala ya safari kuhusu mji huu, nakutana na sentensi ileile: mji mkongwe uliolala kando ya bahari. Jamani, umelala? Niliwahi kuiandika mwenyewe, leo naikana.

Mikindani iliachwa. Waingereza walijenga bandari ya Mtwara kwa ajili ya mradi wao wa karanga, ulioanza 1947 na kufa 1951, na biashara ikahamia huko. Boma la Wajerumani la 1895 sasa ni hoteli. Hoteli sina ugomvi nayo: jengo limepona, watu wamepata kazi. Ugomvi wangu ni na sisi waandishi. Tunamtaja Livingstone aliyepita hapa 1866, tunasifu machweo, halafu waliouzwa kwenye soko la watumwa tunawapa nusu mstari. Na Boma tunaliita "jengo la kuvutia", kana kwamba halikujengwa kututawala.

Nenda, kanywe madafu yako barazani. Ila ukikaa kuandika, Livingstone anaweza kusubiri aya ya tatu.