Usimgombeze mtoto kwa sababu ya ua lililolala jioni

Saa 1 usiku mama mmoja wa Dar es Salaam anaingia nyumbani kutoka kazini, mkoba begani na mfuko wa nyanya mkononi. Hata viatu hajavua, macho yanamwendea ua la sebuleni, lile lenye majani mapana ya kijani na ua jeupe moja lililosimama katikati kama kijiko. Majani yote yamelala, yamening'inia ukingoni mwa chungu kama nguo zilizotoka kufuliwa.

"Leo hujamwagilia maua wewe."

"Nimemwagilia, mama," anajibu mwanawe wa darasa la tatu, aliyekabidhiwa kazi hiyo tangu likizo ya Juni.

"Sasa mbona limelala?"

Mtoto hana jibu. Mama anachota jagi la maji, anamimina lote, na kesho yake asubuhi ua limesimama wima. Kwa mama shauri limekwisha: ua lilikuwa na kiu, na mtoto alidanganya.

Ikawa hivyo jioni ya pili, na ya tatu. Mtoto naye akajifunza kujilinda. Akitoka shule anamwagilia, na akisikia geti linagongwa anamwagilia tena haraka haraka ili mama akute udongo umelowa. Baada ya wiki kama tatu majani ya chini yakawa ya njano, na ua likaanza kulala hata asubuhi.

Jumamosi wakakibeba chungu wawili hao mpaka kwa muuza miche wa kando ya barabara, wakitaka ua jingine la kupanda humo humo. Kijana yule akakipindua, akagonga kitako chake, na bonge zima la udongo likatoka likichuruzika maji. Mizizi ilikuwa ya kahawia, laini kama tambi zilizopitiliza jikoni, ikinuka mtaro.

"Dada, hili halijafa kwa kiu," akasema. "Hili mmelizamisha."

Mtoto akamtazama mama yake.

Njiani kurudi mama alimwambia mwanawe kwamba alimwonea. Si wazazi wengi wanaolitamka neno hilo mbele ya mtoto wa miaka tisa, na huyu anastahili sifa. Lakini swali la mtoto lilikuwa bado liko pale pale, na lilikuwa swali zuri: kama maji yalikuwamo, kwa nini ua lilikuwa linalala kila jioni?

Anayetaka kuelewa aanzie jikoni, kwenye mchicha. Fungu lililonunuliwa asubuhi likiwa limesimama, likiachwa mezani hadi saa 10 jioni linakuwa limelegea kama kitambaa. Ukilitia kwenye beseni la maji kwa muda linasimama tena. Jani halina mfupa. Linasimama kwa sababu ndani yake kuna vijichumba vidogo sana vilivyojaa maji, kama tairi la baiskeli linavyosimama kwa upepo. Maji yakipungua, jani linalala.

Sasa mmea ulio kwenye chungu hunywa kwa mizizi, maji yakapanda shina hadi kwenye majani, kisha yakatoka kama mvuke kupitia matundu madogo ambayo jicho haliyaoni. Matundu hayo hufunguka mchana ili jani lipate hewa ya ukaa, ambayo mmea unaitumia kujitengenezea chakula. Hauwezi kuingiza hewa bila kupoteza maji. Mlango ni ule ule mmoja.

Hapo ndipo nyumba zetu zinapoingia. Watu wakiondoka alfajiri, madirisha hufungwa kwa kuogopa wezi na mvua, na ndani hubaki joto la kutosha kuyeyusha siagi. Kuanzia saa 9 alasiri jua la magharibi linapiga kioo na kuangukia lile ua lililowekwa dirishani lipendeze kwa wapita njia. Chungu cha plastiki nyeusi nacho kinapata moto. Kwa saa hizo majani yanapoteza maji kwa kasi kuliko mizizi inavyoweza kuvuta, hata kama udongo umelowa vizuri. Majani yanalala. Jua likizama matundu mengi hufunga, mizizi inaendelea kuvuta polepole, na kufikia alfajiri vile vijichumba vimejaa tena.

Kwa maneno mengine, ua la yule mama lingesimama asubuhi bila jagi lake. Alilikuta likiwa katika saa yake mbaya kuliko zote, akatoa hukumu, na asubuhi ikamthibitishia jambo ambalo halikuwa kweli.

Kumwagilia kupita kiasi kunaua vipi, wakati kila mtu anajua mmea unahitaji maji? Mizizi inahitaji maji na inahitaji hewa pia. Katikati ya chembe za udongo mzuri kuna nafasi ndogo ndogo zenye hewa. Udongo ukijaa maji kila siku, nafasi hizo zinazibwa, mizizi inakosa hewa na kuanza kuoza. Mzizi uliooza hauvuti maji. Kwa hiyo majani yanalegea kwa kukosa maji huku chungu kimejaa maji, na mwenye nyumba akiona yamelegea anaongeza jagi jingine. Ua lililozama na ua lenye kiu hufanana sana machoni. Ndiyo maana jicho peke yake lisiaminiwe, na ndiyo maana vile vyungu vya urembo visivyo na tundu chini havifai kupandwa moja kwa moja, hata viwe vizuri namna gani. Panda kwenye kopo lililotobolewa, kisha litumbukize humo, na ulitoe wakati wa kumwagilia.

Iko mimea mingine ambayo kulala kwake jioni hakuhusiani kabisa na joto wala kiu. Inalala kwa sababu saa yake ya kulala imefika.

Mtoto aliyewahi kuotesha maharage kwenye kopo la maziwa kwa somo la sayansi anayo mfano mkononi. Jioni majani ya maharage hushuka na kuning'inia chini. Asubuhi hunyanyuka na kutandazika. Karanga hukunja majani yake usiku. Mkwaju pia, na huo hakuna anayeumwagilia kwa jagi. Kati ya maua ya sebuleni yuko maranta, mwenye asili ya Brazili, ambaye majani yake yenye michirizi husimama na kukutana usiku kama viganja vya mtu anayeomba dua. Wapo walionunua maranta wakamrudishia muuzaji siku ya pili, wakidhani ni mgonjwa.

Kazi hiyo inafanywa na kifundo kidogo kilichoko pale jani linapoungana na kikonyo chake. Ni kama goti. Maji yakihamia upande mmoja wa kifundo, upande huo unavimba, mwingine unalegea, na jani linapinda. Asubuhi maji yanahama tena. Kifaurongo, kile kimmea ambacho watoto hukigusa njiani kikajikunja papo hapo, kinatumia kifundo cha aina hiyo hiyo, na usiku hujikunja bila kuguswa na mtu. Waliokipa jina walikichunguza vizuri: kinakufa kwa urongo.

Mwaka 1729 mwanaanga wa Ufaransa, Jean-Jacques d'Ortous de Mairan, alieleza jaribio ambalo mzazi yeyote anaweza kulirudia kwa kabati. Mmea wa aina inayojikunja uliwekwa gizani, mahali ambapo jua halifiki. Watu wangetarajia ubaki umejikunja muda wote. Haikuwa hivyo. Uliendelea kufungua majani mchana na kuyafunga usiku ingawa haukuona mwanga, kana kwamba ulikuwa na saa yake ndani. Na Charles Darwin, akisaidiwa na mwanawe Francis, alitoa mwaka 1880 kitabu kizima kuhusu jinsi mimea inavyojongea, na usingizi wa majani umo humo kwa kirefu. Baba na mwana wakichunguza majani yanayolala. Kuna wikiendi zinazotumika vibaya zaidi.

Nyumbani fanyeni hivi: maharage yenye majani mawili mapana yaliyofunguka vizuri yaingizwe kabatini Ijumaa jioni. Jumamosi saa 4 asubuhi mtoto afungue mlango kidogo, achore alichokiona, afunge. Achungulie tena saa 2 usiku. Jumapili yatolewe nje, maana mmea ukikaa gizani siku nyingi utadhoofika.

Kwa ua la sebuleni, kipimo cha kwanza ni kidole. Mtoto akichomeke kwenye udongo hadi kiungo cha pili. Kikitoka kikavu na safi, mwagilia mpaka maji yatokee tundu la chini, kisha mwaga yaliyobaki kwenye kisahani. Kikitoka na udongo uliogandamana, unyevu upo, acha. Ua lisipewe maji kwa kufuata siku za wiki peke yake, kwa sababu chungu hicho hicho kinakauka haraka Februari na kukaa na unyevu wakati wa masika. Watoto wengine hupenda kukinyanyua chungu na kukisikia uzito, wakizoea, hawakosei.

Kipimo cha pili ni asubuhi. Lililolala jioni likaamka lenyewe alfajiri halina ugonjwa, ila lisogezwe hatua mbili kutoka dirisha la magharibi, au livutiwe pazia jepesi saa za alasiri. Lisiloamka asubuhi ndilo la kushughulikiwa: kama udongo ni mkavu, maji; kama umelowa, lisipewe kitu, litolewe kwenye kisahani, likae penye mwanga na kivuli hadi udongo ukauke juu. Likiwa linanuka, toa mizizi iliyooza, panda upya kwenye udongo uliochanganywa na mchanga. Mshubiri na jamaa zake wenye majani manene hawana habari hizi za kulala jioni; ukiukuta umelainika chini, mara nyingi umezidishiwa maji.

Jambo moja la usalama kwa wenye watoto wanaotambaa. Lile ua la majani mapana na kijiko cheupe, kwa kitaalamu Spathiphyllum, pamoja na lile la shina nene na majani yenye madoa meupe, Dieffenbachia, yana chembe kali zinazochoma na kuvimbisha mdomo na koo yakitafunwa. Yakae juu, na mtoto mkubwa akimaliza kuyasafisha anawe mikono.

Yule mama na mwanawe walinunua ua jingine, wakaliweka mbali na dirisha. Wiki ya kwanza likalala jioni kama la kwanza. Mama akasimama mlangoni na mfuko wake, akalitazama, akauliza, "Udongo ukoje?"

Mtoto akachomeka kidole. "Bado umelowa, mama."

"Haya. Lete daftari tuone hesabu."