Maji Maangavu Si Maji Salama



Karafuu zetu haziuzwi mpaka zikaguliwe. Maji ya watoto wetu twayapima kwa macho tu.

Huko Bangladesh visima vya pampu vilichimbwa ili kuwaepusha watu na maradhi ya tumbo. Mwaka 1993 ikaanza kugunduliwa humo aseniki, sumu isiyo rangi wala harufu, na kuchemsha maji hakuiondoi. Visima mamilioni vikapimwa papo hapo kwa vifaa vya kuchukulika: karatasi ikigeuka manjano au kahawia, sumu imo. Pampu mbaya zikapakwa rangi nyekundu, njema kijani.

Hatusemi visima vyetu vina sumu, twasema vipimwe. Chama kinunue kifaa, kizungushwe matawini, na penye shaka maji yapelekwe maabara. Tulikate shauri hili mkutano ujao.