Wapanga bei hawajui mpaka

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu juu ya jambo linalowagusa wakulima wa Ufipa, nalo ni ushirikiano wa tume za ushindani wa biashara baina ya nchi na nchi.

Sisi wa Rukwa tunalima mahindi, na mahindi yanataka mbolea. Mbolea ya viwandani hushushwa Dar es Salaam, ikaletwa kwa malori hadi Sumbawanga, Laela na Matai. Wenzetu wa Zambia, ng'ambo ya mpaka wa Kasesya, nao hupitisha mbolea bandari hiyo hiyo. Kwa hiyo wauzaji wakubwa wachache wakikaa faraghani wakapanga bei, mkulima wa Matai na mkulima wa Mbala wataumia pamoja.

Haya si mambo ya kubuni. Mwaka 2009 kampuni ya Sasol ya Afrika Kusini ilikiri kula njama na washindani wake katika biashara ya mbolea, ikakubali kulipa faini ya randi milioni 250.7. Sisemi kwamba njama kama hiyo ipo Rukwa. Ninauliza tu: ikiwapo, nani ataigundua?

Hapa nchini tunayo Tume ya Ushindani (FCC), na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza washindani kupanga bei. Zambia nayo ina tume yake. Lakini karatasi za njama zikiwa kabatini Lusaka, mkaguzi wetu hawezi kwenda kuzikamata. Mwenzake wa Zambia naye hana amri juu ya ofisi za Dar es Salaam.

Tena mpaka wetu umekaa vibaya. COMESA ina tume yake Lilongwe, iliyoanza kazi mwaka 2013. Zambia imo, lakini Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina Mamlaka ya Ushindani huko Arusha. Tanzania imo, Zambia haimo. Tunapokutana ni SADC, ambayo nchi zake zilitoa tamko la ushirikiano mwaka 2009, kisha mwaka 2016 tume zikawekeana hati ya maelewano. Hati ni njema, ila SADC haina tume yake ya kutoza faini. Yote yanategemea juhudi za tume za nchi.

Kwa hiyo nashauri FCC na tume ya Zambia zipashane bei za mbolea kila msimu, tangu bandarini hadi madukani Sumbawanga na Mbala. Zikiona dalili za njama, zipekue pande zote mbili siku moja. Ukipekua upande mmoja, upande wa pili utachoma karatasi usiku huo huo.

Wapo watakaosema siri za wafanyabiashara zitavuja. Siri halali zilindwe kisheria, lakini mapatano ya kumkamua mkulima si siri ya biashara, ni kosa.

Mwaka 2022 Serikali ilianza tena kutoa ruzuku ya mbolea. Fedha hiyo ni ya umma. Bei ikipandishwa kwa njama, ruzuku itaishia mifukoni mwa wala njama, na mkulima atabaki na jembe lake.

Mkulima,
Sumbawanga.