Mwacheni Aende Maabara, Ila Muulizeni Kwanza

Kijana akifaulu masomo ya PCB, yaani fizikia, kemia na baiolojia, na kuchaguliwa kusomea udaktari, mtaa humpandisha cheo kabla chuo hakijampa. Sokoni mama yake anaitwa Mama Daktari. Wajomba wanaanza kumweleza maumivu ya mgongo, na mchango wa nauli na koti jeupe unapatikana bila kugombezana. Kisha siku moja, yuko mwaka wa pili, kijana huyo huyo anapiga simu: anataka kuacha. Anataka kusoma sayansi mpaka afikie shahada ya uzamivu, awe mtafiti. Kikao kinaitishwa usiku ule ule. Wa kwanza kusema anauliza karogwa na nani. Wa pili anauliza kama kafeli. Wa tatu, ambaye mara nyingi ndiye aliyetoa pesa nyingi kuliko wote, hasemi neno.

Wazazi wenzangu, kijana huyo tusimjibu kwa makelele. Naye asitujibu kwa jeuri. Kuacha udaktari ili kufanya utafiti si laana wala si wazimu. Yapo mazingira ambamo ndiyo busara yenyewe. Ila sharti lipo, nalo ni gumu: anayeondoka awe anavutwa na swali, asiwe anafukuzwa na mtihani.

Wapo wanaodhani kwamba anayetoka wodini na kuingia maabara amewapa wagonjwa mgongo. Hao nawapeleka Mulago, Kampala. Mwishoni mwa miaka ya 1950 alikuwapo pale daktari wa upasuaji kutoka Ireland, Denis Burkitt, aliyekuwa akiona watoto wenye uvimbe mkubwa wa taya, uvimbe ambao kisu hakikuuweza. Alifanya lililo katika uwezo wa daktari mwenye macho: aliandika alichokiona, akachora ramani, na mwaka 1961 yeye na wenzake wawili wakasafiri kwa gari kilomita zipatazo 16,000 kupita hospitali za Afrika Mashariki na kusini mwa bara hili, wakiuliza ugonjwa huo uko wapi na wapi haupo. Wakaona kwamba unafuata nchi za joto na mvua. Hapo Burkitt akawa amefika mwisho wa njia yake. Kwa nini uko hivyo? Hadubini ya wodini isingemwambia.

Mapema mwaka huo huo, mwezi Machi, kabla ya safari hiyo, alikuwa ametoa mhadhara katika hospitali ya Middlesex, London. Kati ya waliomsikiliza alikuwamo mtafiti Anthony Epstein, ambaye papo hapo alishuku kuna kirusi. Vipande vya uvimbe vikaanza kusafirishwa kwa ndege kutoka Kampala hadi London. Kwa takribani miaka miwili Epstein alivichungulia kwa hadubini ya elektroni asione kitu. Desemba 1963 ndege iliyobeba kipande kimoja ilizuiwa na ukungu, ikatua Manchester, na mzigo ukachelewa. Kichupa kilipofika, maji yake yalikuwa yamechafuka kama kitu kilichooza. Wengine wangekimwaga. Epstein alichukua tone, akaliweka chini ya hadubini, akaona si bakteria: zilikuwa seli za uvimbe, hai, zikielea. Kutokana na hapo walijua namna ya kuzikuza, na mapema mwaka 1964 kirusi kikaonekana. Leo kinaitwa Epstein-Barr. Huyo Barr ni Yvonne Barr, mwanamke aliyesoma zoolojia Dublin, ambaye kazi yake ilikuwa kuzikuza seli hizo. Hakuwahi kuwa daktari wa wagonjwa, na jina lake limo katika vitabu vya kila mwanafunzi wa udaktari duniani.

Basi mtoto wa Mulago alihitaji watu wa aina zote mbili. Anayehama kutoka kundi moja kwenda jingine hajatoroka vita.

Vijana nao wana hoja wanayoipenda mno, ya Charles Darwin. Kweli, Darwin alipelekwa Edinburgh mwaka 1825 kusomea udaktari, akashindwa kuvumilia upasuaji uliofanywa bila dawa ya usingizi, akaacha mwaka 1827. Wanachosahau kutaja ni kwamba baba yake alikuwa daktari mwenye mali nyingi pale Shrewsbury, akamlipia Cambridge, na baadaye akamgharimia hata safari ya merikebu. Darwin hakuwa na deni la Bodi ya Mikopo.

Maana hesabu za kwetu ni nyingine. Marekani mwanafunzi anaingia udaktari akiwa tayari na shahada ya kwanza. Akiacha, anaweza kuomba uzamivu moja kwa moja, na tangu 1964 serikali yao inafadhili mpango wa kusoma udaktari na uzamivu kwa pamoja. Tanzania kijana anaingia udaktari akitokea kidato cha sita. Akiacha mwaka wa pili, mkononi ana cheti kile kile cha kidato cha sita. Itampasa aanze shahada ya sayansi ya miaka mitatu, kisha uzamili, ndipo uzamivu. Kwa hiyo aliyefika mwaka wa nne namwambia waziwazi: maliza. Shahada ya udaktari itakufungulia mlango wa uzamili bila kurudi nyuma, na utafiti haujawahi kumkataa mtu kwa sababu anajua kupima mgonjwa. Ronald Ross alikuwa daktari alipokiona kimelea cha malaria ndani ya mbu mwaka 1897. Vincent Wigglesworth alifuzu udaktari London kabla ya kuyatoa maisha yake kwa wadudu, na mmoja wa wanafunzi wake Cambridge alikuwa Thomas Odhiambo, aliyeanzisha kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE, Nairobi, mwaka 1970.

Lakini aliye mwaka wa kwanza au wa pili, na moyo wake uko kwingine kweli, kumshikilia miaka mingine minne pamoja na utarajali ni kujipotezea sote. Mtaniambia taifa lina uhaba wa madaktari. Linao. Pia lina madaktari waliomaliza utarajali na wako nyumbani wakisubiri ajira, kwa hiyo hoja hiyo isitumiwe kumfungia mlango mtoto mmoja. Na tusisahau kwamba mkurugenzi mkuu wa kwanza wa NIMR, taasisi yetu ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, Profesa Wen Kilama, alikuwa mtaalamu wa mbu, mwenye uzamivu wa Notre Dame, Marekani.

Tena mtoto asidhani anakwenda kupumzika. Aende Ifakara au Bagamoyo akaone mbu wanavyofugwa kwa ajili ya utafiti. Wamo ndani ya vikombe vya karatasi vilivyofunikwa kwa chandarua, juu yake pamba iliyolowa maji ya sukari. Pamba hiyo ibadilishwe, viluwiluwi walishwe, chumba kiwe na joto na unyevu uleule, Jumapili na Idi pia, kwani mbu hawana sikukuu. Miezi ya kazi inaweza kwisha kwa jibu kwamba dhana ilikuwa potofu. Anayekimbia usiku wa wodini ataukuta usiku mwingine huko, tena usio na mgonjwa wa kumshukuru.

Kwa hiyo muulizeni swali lake ni lipi. Akisema "nataka PhD", hajajibu. Akitaja nchi anayotaka kwenda, hajajibu vilevile. Akisema anataka kujua kwa nini mbu wa kijiji hiki wanakufa kwa dawa ya chandarua na wa kijiji cha jirani hawafi, na ya kwamba amekwisha kusoma walichoandika wengine na hakuridhika, hapo mna mtafiti ndani ya nyumba. Na kama ukweli ni kwamba anaogopa kudisko, aseme hivyo. Hilo lina tiba yake, na tiba hiyo haiitwi utafiti.

Asiandike barua ya kuacha chuo kwanza. Aombe kuahirisha masomo kwa mwaka, autumie kujitolea maabara, aoshe vyombo, apange sampuli, amwombe mtafiti mmoja amweleze bila kumbembeleza maisha yanavyokuwa ufadhili ukiisha. Mkopo alioupokea nao ujadiliwe mapema, kwa tarakimu, kwani mwanafunzi anaweza kuondoka chuoni na deni likabaki palepale. Mwaka ukiisha na swali bado linamkosesha usingizi, mzazi akae naye waiandike barua hiyo pamoja, waipeleke kwa msajili, na siku hiyo hiyo waanze kutafuta ada ya mwaka wa kwanza wa sayansi. Wajomba waliochangia koti wasidai warudishiwe. Maabara nako linavaliwa.