Chanda Chema Kivikwe Pete Hata Maabarani

Leo sikuja na ngano ya sungura na fisi. Nina dukuduku lililonikaa rohoni tangu siku ya zawadi.

Siku ile, kama mnavyokumbuka, walimu walituzwa masufuria, blanketi na bahasha kulingana na alama za wastani za masomo yao. Mwalimu wetu wa kemia alitoka mikono mitupu, akapiga makofi pamoja nasi. Kosa lake? Wastani ulishuka kidogo. Jamani! Si ndiye aliyetuambia kila mtu aje na ndimu, msumari wa mabati na kipande cha waya wa shaba? Tukaunganisha ndimu nne mfululizo, na kijitaa chekundu cha redio mbovu kikawaka, hafifu kama jicho la paka. Vifijo vyetu vilimleta naibu wa mwalimu mkuu mbio hadi dirishani.

Mimi nilidhani umeme umetoka kwa ndimu. Kumbe la! Ndimu ni asidi tu; kinacholiwa ni zinki iliyopakwa msumarini. Zinki hutoa elektroni, nazo husafiri kwa waya hadi kwenye shaba. Ndimu moja haifikishi hata volti moja. Nilipoenda likizo huko Kieni nilikuta mawe ya tochi ya nyanya yangu yametoka maji, nikaelewa kwamba kikopo cha zinki kimeliwa. Nikainua macho paani: mabati nayo yamepakwa zinki ili iliwe kwanza, chuma kisalie. Basi hiyo ndiyo elektrokemia, mada inayoogopwa na kidato cha nne kuliko simba. Wengi wetu hukariri ile 96,500 bila kujua ni ya nini.

Wenzetu ng'ambo huituza kazi hii. Chama cha Elektrokemia cha Marekani, kilichoanzishwa mwaka 1902, kina matawi ya kimaeneo yanayotoa tuzo zao wenyewe. Mwaka 2019 Tuzo ya Nobel ya Kemia iliwaendea John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino kwa betri za lithiamu, zizo hizo zilizo ndani ya simu mnazozificha bwenini. (Sitaji mtu!)

Lakini mfano unaonigusa hasa uko hapa hapa Kenya. Mwaka huo huo wa 2019, mwezi wa Machi, Peter Tabichi alipokea huko Dubai Tuzo ya Mwalimu Bora Duniani, dola milioni moja. Alikuwa akifundisha hisabati na fizikia Keriko, shule ya kutwa huko Njoro, katika kijiji kiitwacho Pwani ingawa bahari iko mbali ajabu. Shule ilikuwa na kompyuta moja tu. Hata hivyo, wanafunzi wake walikuwa wametuzwa na Chama cha Kifalme cha Kemia cha Uingereza kwa kutumia mimea ya kwao kutoa umeme. Hapo utafiti na ufundishaji vilikuwa kitu kimoja.

Najua wako watakaosema, "Wewe, bila alama utaingia chuo gani?" Ni kweli, siwezi kubisha. Mimi mwenyewe nazihitaji. Ila alama zina zawadi zake tayari. Ndimu zetu hazina.

Kwa hivyo nasema eneo letu la Mlima Kenya, kutoka Nyeri, Karatina na Nanyuki hadi Embu na Meru, liwe na tuzo yake ya elektrokemia. Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi kiko hapa Nyeri, kingeweza kuianzisha. Mwalimu aonyeshe alichochunguza kutoka mazingira yake, iwe ni viazi, mabati yaliyoshika kutu au betri za gari zilizokufa. Kisha wanafunzi wake wawaeleze waamuzi jambo hilo yeye akiwa nje ya chumba. Na zawadi isiwe kikombe cha kuwekwa kabatini ofisini. Iwe voltmita, waya na kemikali. Yetu ya shule ni moja, tena kioo kimepasuka.

Barua ya pendekezo hili nimeshaiandika, imo mikononi mwa mlezi wa chama chetu. Anayetaka kutia sahihi amwone kabla hatujafunga shule. Mwalimu wa kemia asiambiwe kwanza.